Nani Shahidi? Historia Fupi ya Kumaliza Gemu Asilimia Mia

Leo naweka lugha za programu kando kidogo nizungumzie ugonjwa wangu wa zamani: siwezi kuiacha gemu ikiwa na kitu hata kimoja kilichobaki. Hadithi ikiisha, wenzangu huzima tarakilishi. Mimi ndipo naanza.

Nilidhani ni ugonjwa wa kizazi chetu. La hasha! Una historia ya zaidi ya miaka 40, na kila nikiifuatilia naona swali moja likijirudia: ukishinda, nani shahidi?

Picha kwa posta

Tuanzie Marekani, mwaka 1982. Kampuni ya Activision, iliyoanzishwa 1979 na waandishi wa programu waliotoka Atari, ilitoa gemu ya Pitfall! kwa mashine ya Atari 2600. Mtunzi wake, David Crane, alimpa mchezaji dakika 20 za kutafuta hazina 32 msituni. Ukifikisha pointi 20,000, ulipiga picha kioo cha televisheni, ukapeleka filamu ikasafishwe, kisha ukaituma picha kwa posta. Nao walikutumia beji ya kitambaa ya kushona kwenye nguo.

Mbona usumbufu wote huo? Kwa sababu mashine ile ilikuwa na baiti 128 tu za kumbukumbu. Ukiizima, kila kitu kimefutika. Bila picha ulikuwa na maneno matupu. Na kumbuka, alama kamili za Pitfall! ni 114,000. Beji ilikuwa imeshapatikana kwenye 20,000. Waliokwenda hadi mwisho walikwenda kwa kutaka wenyewe.

Wakati huohuo, katika mji mdogo wa Ottumwa, jimbo la Iowa, Walter Day alikuwa amefungua ukumbi wa magemu ulioitwa Twin Galaxies, Novemba 1981. Mwaka uliofuata akaanza kuweka orodha ya rekodi za wachezaji bora wa nchi. Shahidi sasa alikuwa mtu mwenye daftari.

Pac-Man ya mwaka 1980 nayo ina kisa chake. Alama za juu kabisa ni 3,333,360, lakini mwisho huo haukupangwa na mtu. Ngazi zinahesabiwa kwa biti 8, ambazo haziwezi kupita 255. Ukifika ngazi ya 256, hesabu ya matunda ya kuchora inarudi sifuri, programu inachanganyikiwa, na nusu ya kulia ya kioo inajaa takataka. Kwa hiyo "kumaliza" Pac-Man ni kufika kwenye kosa la mwandishi wa programu!

Usiku wa San Andreas

Mimi ugonjwa uliniingia kwa Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka 2004 na kufika kwenye tarakilishi 2005. Ilikuwa na ukurasa wa takwimu ulioonyesha umekamilisha asilimia ngapi. Michoro 100 ya ukutani Los Santos. Sehemu 50 za kupiga picha San Fierro. Viatu vya farasi 50 Las Venturas. Chaza 50 chini ya maji. Nilikuwa na daftari la shule, nikipiga mkwaju kila nilichokipata.

Nilifika asilimia 100 saa nane usiku, nyumba nzima imelala. Kifaru na ndege ya kivita vikanisubiri mtaani, na dola milioni moja juu. Wiki chache baadaye virusi viliingia, fundi akaifomati diski. Nilipomweleza rafiki yangu wa jirani, alicheka tu: "Wacha uongo." Nilikosa la kumjibu.

Mashine yawa shahidi

Sikujua kwamba dawa ya aibu yangu ilikuwa imeshatengenezwa. Tarehe 22 Novemba 2005 Microsoft ilitoa Xbox 360 ikiwa na Gamerscore: kila gemu ina orodha ya tuzo, kila tuzo ina pointi zake, na jumla yako inaonekana na marafiki wako mtandaoni. Steam ilifuata 2007, na Sony ikaleta vikombe vya PlayStation 3 mwaka 2008, kile cha platinamu kikiwa cha aliyevikusanya vingine vyote.

Kiufundi si jambo kubwa. Unaweka kihesabio, sharti likitimia, programu inatoa tuzo na kuiandika kwenye akaunti yako. Lakini angalia kilichobadilika. Zamani mchezaji alitafuta shahidi wa jambo alilolitaka. Sasa shahidi anakuja na orodha yake mkononi.

Hapo ndipo walipozaliwa wawindaji wa tuzo. Mwaka 2007 gemu moja ya Avatar: The Last Airbender ilitoa pointi zote 1,000 kwa dakika chache, kwa kupiga tu mapigo 50 mfululizo, na watu waliitafuta kwa sababu hiyo. Dead Rising ya 2006, kinyume chake, ilikuwa na tuzo ya kuishi siku saba ndani ya gemu: saa 14 za kweli bila nafasi ya kuhifadhi, kwa pointi 20. Huku kwetu hata stima haiwezi kukuahidi saa 14! Machi 2014, Ray Cox, maarufu kama Stallion83, akawa wa kwanza kufikisha Gamerscore milioni moja.

Na shahidi huyu anahongeka. Zipo programu za kufungua tuzo za Steam bila kuigusa gemu.

Watengenezaji wenyewe walianza kututania. The Stanley Parable ya 2013 ina tuzo ya kukaa miaka mitano bila kuicheza. The Legend of Zelda: Breath of the Wild ya 2017 imeficha mbegu 900, na ukizimaliza zote unapewa kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maana kazi yangu ni kuandika programu, na najua kubadilisha 10 kuwa 1000 ni kuongeza sifuri mbili tu. Kwangu mimi ni sekunde moja. Kwako wewe ni usiku baada ya usiku.

Sijaacha uwindaji, wala sikuambii uache. Ila siku hizi, kabla ya kuifuata tuzo, najiuliza: kama isingeandikwa popote, ningeifanya? Chaza wale 50 ningewafuata tena. Kupiga mbizi usiku, mwezi ukiwaka juu ya maji, kulikuwa kutamu kwenyewe. Pointi nyingi nilizokusanya baadaye siwezi hata kukumbuka zilitoka gemu gani.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usiku ule wa asilimia 100 hauna picha, hauna beji, hauna akaunti. Diski ilifomatiwa. Shahidi ni mimi peke yangu, na bado naukumbuka.