Mnyama Huyu ni wa Nani? Unguja, Sundarbans na Komodo

Kisiwani, mtu anayekutana na mnyama mkali hana pa kukimbilia mbali, na mnyama naye hana. Msitu ni huo huo, kisima ni hicho hicho, na pande zote ni bahari. Ndiyo maana watu wa visiwani wana masimulizi ya kuongoza makutano hayo, na kila simulizi hujibu swali moja: mnyama huyu ni wa nani? Nikilinganisha jibu la Unguja, la Sundarbans na la Komodo, naona jibu hilo lina uzito mkubwa katika kuamua kama mnyama ataishi.

Chui wa Unguja alitengana na wenzake wa bara bahari ilipopanda mwishoni mwa enzi ya barafu. Akawa mdogo wa umbo, na madoa yake yakakatikakatika yakawa vitone. Wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1932, lakini vijijini alikuwa na sifa nyingine: alikuwa na mwenyewe. Ilisemekana wanga humfuga, humlisha na kumtuma kwa waliokosana nao. Kwa mwenye imani hiyo, mbuzi akiliwa zizini hakuulizi chui katoka wapi. Huuliza katumwa na nani. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman wamekusanya simulizi hizi kwa kina. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi aliongoza kampeni ya kuwafichua wachawi, na chui wakauawa kwa pamoja na msako huo. Misitu ilikatwa pia, mashamba yakapanuka. Lakini aliyemuua chui alijiona amemshinda adui wa kijiji, na jirani zake walimshukuru. Leo chui anayeonekana kwa uhakika ni yule aliyekaushwa katika makumbusho ya Zanzibar.

Katika visiwa vya mikoko vya Sundarbans, India na Bangladesh, chui milia bado wapo, na bado wanaua watu. Kabla ya kuingia msituni, warina asali, Waislamu kwa Wahindu, humwomba Bonbibi, mlinzi wa msitu, ambaye kisa chake kinamtaja kuwa binti wa fakiri Mwislamu. Kisa hicho kimeandikwa kwa Kibengali, lakini kurasa zake hufunuliwa kuanzia kulia kama za vitabu vya Kiarabu. Ndani yake mfanyabiashara Dhona anamchukua Dukhe, mtoto wa mjane maskini, kwenda kutafuta asali. Dokhin Rai, zimwi lenye umbo la chui milia, anamjazia Dhona asali na nta kwa sharti amwachie kijana. Dhona anakubali, anamtelekeza Dukhe ufukweni na kuondoka na mashua zake. Chui milia anapomrukia, Dukhe anamwita Bonbibi kama alivyoagizwa na mama yake, naye anaokolewa. Baadaye wanafikia mapatano: msitu una wenyewe, na binadamu aingie kwa moyo safi, achukue kinachomtosha. Mkosaji mkubwa wa kisa hiki ni tamaa ya Dhona. Hata hivyo mila hii nayo ina ukatili wake, kwani mjane wa aliyeuawa na chui milia hulaumiwa mara nyingi kwamba ndiye aliyemla mumewe.

Komodo, Indonesia, jibu ni la damu. Binti wa kifalme alijifungua pacha: mvulana aliyeitwa Gerong na kenge aliyeitwa Orah. Wakalelewa mbalimbali. Siku moja Gerong alimuua kulungu, kenge mkubwa akatokea kuudai mzoga. Gerong alipoinua mkuki, mama akamtokea na kumzuia: huyu ni dada yako. Wanakijiji wakawa wanawaachia kenge sehemu ya mawindo yao. Hifadhi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1980, uwindaji wa kulungu ulipigwa marufuku. Mwaka 2007 kenge alipomuua mtoto, baadhi ya wanakijiji walilaumu kukomeshwa kwa desturi ya kuwapa ndugu zao fungu lao.

Simulizi zote tatu zinakiri hatari; hakuna inayomfanya mnyama kuwa mpole. Zinatofautiana pale zinapoweka wajibu. Sundarbans na Komodo zinamdai binadamu kitu: kiasi, au fungu la nyama. Unguja ilimtwika chui ugomvi wa watu, naye akalipa deni lisilo lake.

Lakini Unguja hiyo hiyo inaonyesha kwamba jibu hubadilika. Kima punju wa msitu wa Jozani walidhaniwa kuwa na sumu, na wakulima waliwalaumu kwa kula vidaka vya nazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ukaonyesha kuwa minazi waliyoila haikupungua mavuno. Ilielekea kuzaa zaidi. Leo barabara inayopita Jozani ina matuta ya kupunguza mwendo wa magari ili kima wavuke, na vijiji jirani hupata sehemu ya mapato ya watalii.

Watoto wetu wa visiwani wasimuliwe habari za chui kwa ukamilifu wake, pamoja na sababu zilizommaliza. Sheria ya hifadhi inaweza kumzuia mtu asiue akiwa anatazamwa. Akiwa peke yake njiani, anatenda kwa kufuata jibu alilofundishwa nyumbani, na jibu hilo ni letu kulirekebisha.