Ubuntu imetimiza miaka 20, Synaptic imesahaulika

Oktoba 2024 Ubuntu, mfumo wa kompyuta wa familia ya Linux, ilitimiza miaka 20. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iliadhimisha kwa toleo la 24.10, ambalo lilirudisha rangi ya kahawia ya enzi zile na mlio wa zamani wa kompyuta inapowaka. Wana haki ya kusherehekea. Ila Synaptic, dirisha la kuchagulia na kusakinishia programu, haikurudi, na kwa maoni yangu hicho ndicho chombo kilichowafanya watu wa kawaida wathubutu kuishi na Linux.

Vijana wa leo wanaobonyeza kitufe kimoja programu ikaingia hawajui shida iliyokuwapo. Programu ya Linux huja kama kifurushi, na haikai peke yake: inategemea nyingine, na hizo nazo zina wategemewa wao. Debian, mfumo wa Linux ambao Ubuntu imejengwa juu yake, ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na Red Hat ikaja na vifurushi vyake vya RPM katikati ya miaka ya 1990. Hata hivyo, ulipotaka programu moja uliambiwa umepungukiwa na kifurushi fulani, ukikipata kinadai kingine, mpaka usiku unakwisha. Debian 2.1 ya Machi 1999 ndiyo iliyoleta APT, mtambo unaosoma madai yote hayo na kuyatimiza wenyewe. Tatizo likabaki moja: APT iliendeshwa kwa amri za kuandika, na dselect, skrini ya maandishi iliyoitangulia, ilikuwa na sifa mbaya ya kuwachanganya wageni.

Jibu lilitoka Curitiba, kusini mwa Brazil. Kampuni ya Conectiva ilikuwa imeichukua APT ya Debian na kuiwezesha kushughulikia vifurushi vya RPM, kisha ikamkabidhi mfanyakazi wake, Alfredo Kojima, kazi ya kuitengenezea dirisha la kutumia kipanya. Kojima alikuwa tayari na jina kwa sababu ya Window Maker, programu ya kusimamia madirisha kwenye skrini. Dirisha hilo, Synaptic, lilianza mwaka 2001. Baadaye Mjerumani Michael Vogt akaipokea na kuilea, na Ubuntu 4.10 ilipotoka tarehe 20 Oktoba 2004, Synaptic ilikuwamo. Historia ya kompyuta husimuliwa kana kwamba kila kitu chema kimezaliwa California, kwa hiyo Curitiba inastahili kutajwa.

Ukiifungua, kushoto unaona mafungu: michezo, ofisi, sauti, lugha. Kulia kuna orodha ndefu, kila kifurushi na kisanduku chake kidogo mbele, na cha kijani kinamaanisha kimo ndani. Ukibonyeza kifurushi na kukiwekea alama ya kusakinisha, hakuna kinachotokea bado. Kwanza linakuja dirisha la pili linalokutajia kwa majina vifurushi vingine vitakavyolazimika kuingia, na vitakavyolazimika kutoka. Ukikubali, unaendelea kuweka alama zako. Ukimaliza, unabonyeza kitufe cha kutekeleza, na hapo tena unaonyeshwa jumla: vingapi vinaingia, vingapi vinatoka, megabaiti ngapi zitapakuliwa, nafasi kiasi gani italiwa kwenye diski. Kompyuta inasubiri kauli yako.

Kuondoa nako kulikuwa kwa namna mbili. Unaweza kuitoa programu ukaacha faili zake za mipangilio, ili siku ukiirudisha ikukute ulivyoiacha, au ukaing'oa pamoja na mipangilio hiyo. Kifurushi usichotaka kibadilike unakifunga kwenye toleo lake. Na kama mambo yameharibika, kuna historia inayoonyesha, kwa tarehe, nini kiliingia na nini kilitoka. Mtu aliyetumia miezi sita akiwa na dirisha hilo mbele yake alikuwa anajifunza jinsi mfumo wake ulivyojengwa, bila kuhudhuria darasa lolote.

Kwetu Afrika Mashariki Synaptic ilikuwa na thamani ya ziada. Ubuntu ilitufikia kwa CD za bure ambazo Canonical ilizituma kwa posta kuanzia mwaka 2005 hadi 2011. CD ilikuja, intaneti haikuja nayo. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Ndani ya Synaptic kulikuwa na chaguo la kuandika faili lenye anwani za vifurushi vyote ulivyovihitaji, pamoja na wategemewa wao. Unalibeba kwenye flashi hadi intaneti kafe, unavipakua, unarudi nyumbani na kuiambia Synaptic ivisome kutoka kwenye flashi. Duka gani la programu la leo linamfikiria mtu asiye na intaneti nyumbani kwake?

Oktoba 2009, Ubuntu 9.10 ilikuja na duka jipya, Software Center, lenye picha kubwa na maelezo mafupi, na Vogt yuleyule alikuwa miongoni mwa waliolijenga. Miaka miwili baadaye, katika toleo la 11.10, Synaptic ikaondolewa kwenye orodha ya vinavyokuja na mfumo.

Gharama ya uamuzi huo ilidhihirika mwaka 2020, katika ugomvi wa Canonical na Linux Mint. Mint imejengwa juu ya Ubuntu na inachota vifurushi kutoka hazina zake. Canonical ilikuwa imeanzisha aina nyingine ya vifurushi, snap, vinavyotoka kwenye duka lake yenyewe, na kuanzia Ubuntu 19.10 kifurushi cha kivinjari cha Chromium kikageuzwa ganda. Ukiagiza Chromium kupitia APT, unaletewa snapd, programu inayoendesha snap, na kivinjari kinatoka kwenye duka la Canonical. Kampuni ilieleza kwamba kuijenga Chromium upya kwa kila toleo la Ubuntu ni kazi kubwa, na snap moja inatosha kwa yote. Sababu hiyo ni ya kweli.

Clement Lefebvre, mwanzilishi wa Mint, hakuikubali. Katika taarifa yake ya Juni 2020 alilalamika kwamba duka la snap linajiingiza lenyewe na kuchukua nafasi ya vifurushi vya APT, kwamba seva yake iko mikononi mwa kampuni moja, na kwamba hakuna anayeweza kufungua duka la ushindani. Mint 20 ilipotoka mwezi huohuo ilikuwa na faili dogo, nosnap.pref, linaloizuia APT kuleta snapd. Anayeitaka snap aliruhusiwa kulifuta faili hilo mwenyewe. Baada ya miezi michache Mint ikaanza kutengeneza Chromium yake.

Mimi niko upande wa Lefebvre. Jambo lililogombewa ni lilelile ambalo dirisha la Kojima lilikuwa limelimaliza karibu miaka 20 kabla: mwenye kompyuta aambiwe nini kinaingia kwake, kutoka wapi, na akubali kabla hakijaingia. Anayeagiza kitu kimoja na kuletewa kingine amedharauliwa, hata kama alicholetewa kinafanya kazi vizuri.

Kufikia mwaka 2022 Firefox nayo ilikuwa imehamia snap ndani ya Ubuntu, na duka la programu la Ubuntu limebadilishwa sura zaidi ya mara moja tangu enzi ya Software Center. Synaptic imo bado katika hazina za Debian na Ubuntu, imekaa kimya. Wewe unayefundisha kompyuta shuleni au chuoni, fungua terminali, andika sudo apt install synaptic, kisha wape wanafunzi wako nafasi ya kuweka alama na kusoma orodha kabla hawajabonyeza kutekeleza.