Jalada la Tom Robinson

Kesi ya Tom Robinson haina PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Hilo ndilo la kwanza lililonishtua katika To Kill a Mockingbird, riwaya ya Mmarekani Harper Lee iliyotoka mwaka 1960, na karani yeyote aliyewahi kupokea majalada ya jinai katika mahakama ya wilaya hapa Tanzania angeliona hilohilo. Binti Mzungu anasema Tom, mtu mweusi, amembaka na kumpiga. Sherifu anafika nyumbani, baba yupo, majeraha yanaonekana usoni, na hakuna anayemwita daktari. Wakili wa utetezi, Atticus Finch, analishika jambo hilo mapema anapomhoji sherifu. Daktari aliitwa? Hakuitwa. Kwetu mwendesha mashtaka angeomba ahirisho akaitafute hiyo karatasi. Maycomb, mji wa kubuni wa Alabama, mwaka 1935, juri ya wanaume Wazungu iliona ushahidi umetosha.

Waliosoma riwaya hii humtaja kwanza Atticus, au bintiye Scout anayesimulia, au Boo Radley aliyejifungia ndani mwake. Mimi nilitumikia mahakama mpaka nikastaafu, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kuita majina. Aliyezoea kuita majina humtazama anayeitika. Kwa hiyo nimemfuata mshtakiwa. Nyuma ya Tom Robinson wako washtakiwa waliowahi kuishi, kila mmoja na kesi yake, nao wamesahaulika kwa namna inayonikera.

Harper Lee alizaliwa mwaka 1926 Monroeville, kusini mwa Alabama, mji mdogo wa pamba wenye jengo la mahakama katikati, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Jirani yao alilelewa kwa ndugu zake mvulana mmoja mfupi, mwongo wa kupendeza, ambaye baadaye dunia ilimjua kama mwandishi Truman Capote. Huyo ndiye Dill wa kwenye riwaya. Mtaa uleule ulikuwa na nyumba ya kijana ambaye baba yake alimfungia ndani baada ya utundu wa ujanani, na kwake watu wa Monroeville walimtambua Boo. Hayo yameandikwa sana, sina la kuyaongezea.

Baba wa mwandishi, Amasa Coleman Lee, ndiye aliyemzaa Atticus wa vitabuni. Alikuwa wakili, akawa mbunge wa jimbo, akamiliki na kuhariri gazeti la mji, Monroe Journal, tangu 1929 hadi 1947. Mwaka 1919, akiwa bado mgeni katika uwakili, alipewa kazi ya kuwatetea Frank na Brown Ezell, baba na mwana, watu weusi walioshtakiwa kumuua mwenye duka Mzungu. Walipatikana na hatia, wakanyongwa wote wawili. Baada ya hapo Lee hakushika tena kesi ya jinai. Akabaki na mikataba, ardhi na mirathi.

Ukifungua riwaya, mapema kabisa utasoma kwamba wateja wawili wa kwanza wa Atticus walinyongwa, na tangu hapo kesi za jinai zikamchukiza. Mambo ni yaleyale, ila watu wamebadilishwa. Badala ya baba na mwana weusi tumepewa wanaume wawili wa ukoo wa Haverford, ukoo ambao jina lake kaunti nzima ilikuwa ikilichekea kwa upumbavu, waliomuua mhunzi mbele ya mashahidi kwa ugomvi wa farasi. Dalili zote ni za Wazungu, na tunaalikwa tuwacheke. Kilichomkuta baba kikiwa kovu, binti amekifanya kichekesho cha ukurasa mmoja. Sijui jalada jingine lililofungwa kwa haraka namna hiyo. Pengine Lee aliona msomaji wa 1960 asingeweza kubeba watu watatu weusi waliokufa mikononi mwa sheria ndani ya kitabu kimoja, akaamua kumbakiza mmoja.

Huyo mmoja naye ana mwenzake halisi. Novemba 1933, Harper Lee akiwa na miaka saba, mwanaume mweusi aitwaye Walter Lett alikamatwa karibu na Monroeville kwa madai ya kumbaka mwanamke Mzungu maskini. Mwaka 1934 alihukumiwa kufa, na gazeti la mzee Lee liliiripoti kesi hiyo. Kisha likatokea lisilotarajiwa: raia wa kaunti, Wazungu wenye majina, walimwandikia gavana kumwombea, maana shaka juu ya hatia yake ilikuwa kubwa. Adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Lakini Lett alikuwa amekwisha kukaa gerezani akisubiri kiti cha umeme, na akili yake haikurudi. Alihamishiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akafa huko kwa kifua kikuu mwaka 1937.

Tazama sasa Tom. Mwandishi anampiga risasi 17 akijaribu kuruka uzio wa gereza kabla rufaa yake haijasikilizwa. Kifo cha ghafla, watoto wanaambiwa, mji unasengenya siku mbili, basi. Lett alikufa taratibu, miaka mitatu, akiwa na nusu ya haki mkononi. Kwa anayejua magereza, cha Lett ndicho kigumu zaidi kusimulia, na ndicho ambacho riwaya imekiacha.

Kesi iliyoitikisa Alabama nzima utotoni mwa Harper Lee, hata hivyo, ilikuwa ya Scottsboro. Tarehe 25 Machi 1931 vijana tisa weusi walishushwa kwenye treni ya mizigo huko Paint Rock, kaskazini mwa jimbo. Mdogo wao hakuwa amefikisha hata miaka 14. Wasichana wawili Wazungu waliokuwa kwenye treni hiyohiyo walidai wamebakwa na kundi. Wiki mbili tu baadaye, mashauri yakiwa yamesikilizwa kwa siku chache, wanane kati ya tisa walihukumiwa kifo.

Na huko daktari aliitwa! Wasichana walipimwa siku ileile, na alichokikuta daktari hakikuoana na simulizi la kundi la wanaume na vipigo. Mwaka 1933 mmoja wa wasichana, Ruby Bates, alipanda kizimbani na kusema hapakuwa na ubakaji wowote. Juri ikamtia hatiani Haywood Patterson hata hivyo. Jaji James Horton, Mzungu wa Alabama, aliupitia ushahidi wa daktari, akaona hauwezi kubeba hukumu, akaifuta. Mwaka uliofuata alisimama kutetea kiti chake kwenye uchaguzi, akashindwa. Jaji Taylor wa riwaya, anayejifanya anasinzia huku akisikia kila neno, ni mhusika mzuri, lakini Horton alilipa zaidi. Kwa hiyo ile PF3 yangu isikudanganye, msomaji. Karatasi ingekuwepo, na Tom angefungwa vilevile.

Kilichonifurahisha kuliko vyote katika historia hii ni daftari. Katika kesi ya Clarence Norris, mmoja wa wale tisa, wakili Samuel Leibowitz alidai kwamba watu weusi walikuwa wamezuiwa kabisa kuingia juri katika kaunti ile. Maofisa wakakana: majina ya weusi yamo, tazama rejista. Kweli yalikuwemo. Ila karani aliyeingia ofisini mwaka 1931 alikuwa amepiga mistari myekundu kuonyesha mwisho wa orodha ya wenzake waliomtangulia, na mtaalamu wa maandishi alieleza kwamba majina ya weusi yalikuwa yameandikwa juu ya mistari hiyo. Wino mweusi ukiwa juu ya mwekundu, basi jina limekuja baada ya mstari. Mtu alikuwa amechomeka majina baadaye. Rejista ilipelekwa Washington, na majaji wa Mahakama Kuu ya Marekani wakaitazama kwa kioo cha kukuzia. Aprili 1935 hukumu ya Norris ikafutwa.

Nimeshika rejista nyingi maishani. Najua jina lililoandikwa kwa wakati wake linavyokaa, na lililochomekwa linavyobanana. Aliyeghushi ile ya Alabama alifanya kazi chafu, na nashukuru hakuwa hodari. Mstari wa wino wa karani asiyejulikana ulifuta hukumu ya kifo. Hotuba nzuri ya Atticus haikumwokoa yeyote.

Uamuzi huo wa Washington haukuibadilisha Monroeville. Katiba ya Alabama ya mwaka 1901 ilikuwa imewatoa watu weusi kwenye orodha ya wapiga kura kwa kodi ya kura na mitihani ya kusoma, na hali ilibaki hivyo kwa miaka mingi. Wanawake nao, hata Wazungu, hawakuruhusiwa kukaa juri Alabama hadi mahakama ilipoivunja sheria hiyo mwaka 1966. Kwa hiyo Miss Maudie, jirani mwenye busara kuliko nusu ya mji, asingeweza kumhukumu Tom hata angetaka. Enzi zangu kwenye mahakama ya mwanzo, hakimu alikaa na washauri wawili, wale tunaowaita wazee wa baraza, na walikuwa na sauti katika uamuzi. Sisemi walikuwa malaika. Nimemwona mmoja akikoroma wakati mjane akilia. Lakini walitoka kwa watu walewale wanaoshtakiwa. Tom alihukumiwa na watu ambao wasingekubali hata kukaa naye kwenye roshani ya mahakama, walikotengewa weusi.

Kuhusu Mayella Ewell, mlalamikaji, nina neno moja. Binti mkubwa kati ya watoto wengi, mama amekufa, baba mlevi, nyumba jirani na jalala. Majeraha yake yalikuwa upande wa kulia wa uso. Baba yake anatumia mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto wa Tom uliharibiwa na mashine ya pamba akiwa mtoto. Ushahidi unamwelekea baba. Hakuna mtu Maycomb, hata Atticus, aliyefungua shauri kwa niaba ya huyo binti.

Mzee Lee alikufa Aprili 1962, filamu ya riwaya ikiwa njiani. Gregory Peck aliyeigiza Atticus alipewa na mwandishi saa ya mfukoni ya mzee huyo. Sehemu kubwa ya maisha yake, mzee Lee aliamini weusi na weupe waishi mbalimbali. Mwaka 2015 ilipochapishwa Go Set a Watchman, kitabu ambacho binti yake alikiandika kabla ya Mockingbird, wasomaji wengi waliumia kumkuta Atticus mzee kwenye mkutano wa wapinga usawa. Mimi sikushangaa. Wakili anaweza kumtetea mtu vizuri sana bila kutaka kukaa naye meza moja.

Jengo la mahakama la Monroeville sasa ni makumbusho. Kila mwaka wenyeji huigiza riwaya humo, na watazamaji huchaguliwa wakae kwenye viti vya juri. Mwaka 1987, katika mji huohuo, mtu mweusi aitwaye Walter McMillian alikamatwa kwa mauaji ya msichana Mzungu. Watu wengi walikuwa naye nyumbani kwake wakikaanga samaki saa ya mauaji, wakasema hivyo, wasisikilizwe. Aliwekwa kwenye sehemu ya wanaosubiri kuuawa hata kabla ya kesi kuanza. Kesi ilichukua siku moja na nusu. Juri ilipendekeza kifungo cha maisha. Jaji akaigeuza kuwa kifo, jambo ambalo sheria ya Alabama iliruhusu hadi 2017. Wakili Bryan Stevenson alipochukua rufaa, aliwakuta watu wa Monroeville wakijivunia riwaya yao huku mtu akisubiri kufa kwa ushahidi wa uongo. Shahidi mkuu alikiri kwamba alidanganya, na McMillian akaachiwa Machi 1993.

McMillian alifariki Septemba 2013. Miezi miwili baadaye bodi ya Alabama iliwapa msamaha watatu wa mwisho wa Scottsboro, wote wakiwa wamekufa miaka mingi iliyopita.