Doti ya Viwambo

Wiki mbili zilizopita kijana anayetutunzia kompyuta ofisini alinijia na kitabu cha maelekezo kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. "Shikamoo, mzee. Hapa wameandika tuunganishe mchunguzi wa pili upande wa kulia wa mchunguzi wa kwanza. Hawa wachunguzi tunawatoa wapi, polisi?" Nilivua miwani. Tafsiri mbovu nimezisoma nyingi, na nyingine nimezisahihisha bila malipo, lakini sikuwahi kuona kipande cha plastiki kikipandishwa cheo hadi upelelezi, tena kwa ngeli ya watu.

Kosa linajulikana lilikoanzia. Kiingereza kililiokota neno monitor katika Kilatini, kwenye kitenzi monere, yaani kuonya au kukumbusha. Akapewa mwanafunzi wa kusimamia wenzake, ndiye monita wetu yule aliyeandika majina ya wapiga kelele. Akapewa kenge naye, kwa imani kwamba huwaonya watu mamba akikaribia. Likaingia studio za televisheni, ambako mafundi walihitaji skrini ya kuangalizia picha kabla haijaenda hewani, na mwishowe likatua mezani petu, ambako halimwonyi wala halimchunguzi mtu. Anayetafsiri ukoo wa neno badala ya kitu kilicho mbele ya macho yake angeweza vilevile kuandika "unganisha kenge wa pili", na mwongozo ungesomeka kwa raha zaidi.

Kamati moja, ambayo siitaji kwa kuwa naidai jibu la barua, iliiona aibu hiyo ikaitibu kwa kubadilisha ngeli: "kichunguzi". Matumizi ya viwili au zaidi ikayaita "mfumo wa vichunguzi-anuwai". Litamke mara tatu mfululizo, utaomba maji.

Neno la kifaa hicho tunalo: kiwambo. Kuwamba ni kuivuta ngozi juu ya mzinga wa ngoma, au kamba kwenye fremu ya kitanda, mpaka ikaze. Kiwambaza cha nyumba ya udongo ni ndugu yake. Anayesema skrini simgombezi, na anayesema kioo kama wauza simu namwelewa. Ugomvi wangu unaanzia kwenye viwambo viwili vinavyobeba kazi moja. Viwambo hivyo, kama nilivyoieleza kamati kwa kurasa nne zilizopigwa muhuri wa kupokelewa kisha zikalazwa, ni doti.

Neno doti limetoka Kihindi, dhoti, shuka la kiunoni. Enzi za misafara ya bara lilikuwa kipimo cha nguo: shuka yadi 2, doti yadi 4, na kwa doti za merikani mtu alilipa wapagazi na hongo za njiani. Kwa hiyo tangu hapo doti moja ilikuwa shuka mbili. Leo doti ni kanga mbili zinazouzwa pamoja. Na hiyo kanga yenyewe, wanavyosimulia watu wa pwani, ilianza kwa vitambaa vya mkononi, lenço za Wareno, vilivyouzwa vikiwa havijakatwa. Akina mama wakavishona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, ikawa leso. Nenda chumba chochote cha walinzi wanaotazama kamera, uone skrini sita ukutani, tatu juu na tatu chini. Nani aliyetangulia?

Mpinzani wangu mmoja, msomi wa kuheshimika siku ambazo haandiki, amesema doti halifai kwa sababu vipande vyake vinafanana, ilhali viwambo viwili huonyesha mambo tofauti. Nadhani hajawahi kumtazama mwanamke akivaa. Vipande vinafanana maua, pindo na jina, lakini kimoja hufungwa kiunoni na kingine hutandwa kichwani. Kiwambo changu cha kushoto kina matini ya Kiingereza, cha kulia kina Kiswahili changu. Zamani nilikuwa na kimoja: nafungua, nasoma sentensi, nafunga, nafungua ukurasa wangu, na kabla sijagusa herufi ya kwanza nusu ya sentensi imeshatoroka. Sasa nageuza shingo tu. Na viwambo vyote viwili vikionyesha kitu kilekile, kama kwenye projekta, hiyo ni doti isiyokatwa. Istilahi imejilipia nauli ya kwenda na kurudi.

Wengine wakauliza, vikiwa vitatu? Doti na nusu. Muuza nguo yeyote angewajibu.

Kuhusu matumizi: kompyuta za Macintosh II ziliweza kutumia zaidi ya kiwambo kimoja tangu 1987, na Windows 98 ilikubali hadi viwambo 9. Leo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kutandaza, panga kipi kiko kushoto ili kishale kisipotelee upande usio na kitu, na cha kazi kubwa kikae mbele ya pua yako. Basi.

Jumamosi nilikwenda Kariakoo kununua viwambo viwili vya mtumba, vya saizi moja, kwa ajili ya nyumbani. Nilimuuliza muuzaji, kijana wa heshima kabisa, kama ana doti ya viwambo. Akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, kanga ni mtaa wa pili, kata kushoto." Sikubishana naye. Nilikata kushoto, nikamnunulia mama watoto doti moja, kisha nikarudi kwa kijana yule nikaomba skrini mbili. Nyumbani nilifika na doti mbili.