Viti vya Chandigarh: Msaji na Henzirani

India ilipogawanywa mwaka 1947, Lahore ikabaki Pakistan, na Punjab ya India ikahitaji makao makuu mapya. Ndipo ukajengwa mji wa Chandigarh, chini ya uongozi wa msanifu majengo Le Corbusier.

Binamu yake, Pierre Jeanneret, msanifu majengo kutoka Uswisi, alifanya kazi huko kuanzia 1951 hadi 1965. Pamoja na wasanifu wa Kihindi, akiwemo Eulie Chowdhury, alibuni samani za ofisi, mahakama na chuo kikuu. Maseremala wa huko walizitengeneza kwa msaji, mbao inayostahimili mchwa, na kusuka henzirani sehemu za kukalia ili hewa ipite wakati wa joto. Viti vingi vina miguu iliyoegemeana kama V iliyopinduliwa.

Vilipochakaa, viliuzwa mnadani kwa bei ya takataka. Wakusanyaji wa Ulaya wakavinunua, wakavikarabati, thamani ikapanda. Mwaka 2011 serikali ya India iliagiza visiuzwe wala kutolewa nchini.

Tazama herufi na namba zilizoandikwa kwa rangi kwenye viti hivi: zilionyesha ofisi iliyomiliki kiti. Anayezifuta anafuta historia ya kiti hicho.