Malipio, si Dawati la Ukaguzi

Mwongozo mmoja wa kupanga maduka ya rejareja umeamua kwamba mahali anapolipa mteja kabla ya kutoka supamaketi paitwe "dawati la ukaguzi wa kutokea". Maneno matano, na hakuna hata moja linalotaja fedha. Kamati iliyolipitisha sina haja ya kuitaja, wanakamati wanajijua. Walilipasua neno la Kiingereza "checkout", wakakuta ndani yake kukagua na kutoka, wakavigeuza kimoja kimoja na kuviunga tena. Mteja atakayekisoma kibao hicho na kapu lake la unga na sabuni ana haki ya kudhani amefika forodhani.

Tuanze na "dawati" lenyewe, kwa kuwa inaonekana hakuna aliyeliuliza lilikotoka. Kwa Waarabu, dawat ni kidau cha wino. Kutoka kwenye kidau jina likahamia kwenye kisanduku cha kalamu na karatasi, kisha kwenye meza ya karani na ya mwanafunzi. Popote lilipokwenda lilichukua wino wake. Dawati ni mahali pa kukaa na kuandika. Keshia wa leo haandiki chochote: anapitisha bidhaa kwenye skana, na kwa upande wa Tanzania, ambako mashine za kielektroniki za risiti (EFD) zilianza kutumika mwaka 2010, hata risiti huandikwa na mashine. Kumpa keshia dawati ni kumrudisha enzi ya kalamu ya kuchovya.

"Kaunta" sina ugomvi nayo ya ukoo. Chimbuko lake ni computare ya Kilatini, yaani kuhesabu, na huko Ulaya ilikuwa meza ya kuhesabia fedha. Mzizi huohuo umetuletea akaunti na kompyuta, kwa hiyo kompyuta inapowekwa juu ya kaunta, ndugu wawili wamekutana bila kufahamiana. Tatizo ni kwamba kaunta imekwishaajiriwa kwingi: ipo baa, ipo benki, ipo duka la dawa, na mwanafunzi naye ana kaunta buku lake. Zaidi ya hayo, kaunta ya duka la Mangi, yaani duka dogo la mtaani, na hiki tunachokitafutia jina ni vitu viwili. Kwa Mangi, mwenye duka yuko ndani nyuma ya nondo, mteja yuko nje, na kiberiti kinapita katikati.

Mpango wa namna hiyo ulivunjwa Memphis, Marekani, mwaka 1916, Clarence Saunders alipofungua Piggly Wiggly, duka ambalo mteja alijichukulia bidhaa rafuni mwenyewe. Karani hakuwa tena na kazi ya kumletea mtu kitu. Alibaki karibu na njia ya kutokea, akijumlisha na kupokea fedha. Kaunta ya zamani ilimzuia mteja asifikie bidhaa. Hii mpya inamzuia asiondoke nazo bure. Kazi imegeuka juu chini, jina limebaki lilelile, na fundi wa samani wa Keko, Dar es Salaam, anayeagizwa "kaunta ya duka" bado analazimika kuuliza ni ipi.

Pendekezo langu ni "malipio". Sikulichimba mbali. Ingia supamaketi yoyote, uliza bei ya kitu, kisha msikilize mhudumu: "Kalipie pale mbele." Kalipie! Kauli ya kutendea imekwishafanya kazi ambayo kamati iliikalia vikao. Kiswahili hutumia kauli hiyo kutajia mahali na kifaa: meza ya kulia, ubao wa kukatia. Ukiongeza ma- mwanzoni na -o mwishoni, unapata jina kamili: chinjia imetupa machinjio, kimbilia imetupa makimbilio. Lipia itatupa nini kingine?

Nilipoipeleka hoja hii kwa maandishi, nilijibiwa kwamba neno "halijazoeleka". Hilo ni jibu la ajabu kutoka kwa waasisi wa dawati la ukaguzi wa kutokea. Pingamizi la pili lilikuwa kwamba malipio yatachanganywa na malipo. Mapokeo na mapokezi yameishi pamoja miaka yote hii, na sijasikia mgeni aliyepotelea katika mila akitafuta chumba cha hoteli. La tatu lilikuwa kwamba malipio ni mahali, ilhali kinachotengenezwa ni samani. Waliosema hivyo wasome asili ya "duka": dukkan ya Kiarabu ilikuwa pia benchi la kujengwa, la kukalia na kupangia bidhaa, nalo likaja kulitawala jengo zima. Samani na mahali hubadilishana majina tangu zamani, bila kuomba kibali.

Yupo pia mwenzetu, hodari wa kunyambua, anayetetea "lipizio", kwa maelezo kwamba ndipo mteja anapofanywa alipe. Kinachofuata kulipiza katika Kiswahili ni kisasi. Nisingependa kununua mkate mahali penye jina hilo.

Matumizi, kwa ufupi. Malipio mazuri yana sehemu tatu: ya kuwekea kapu, ya kupitishia bidhaa na ya kufungashia. Uso wake uwe laini, wa kufutika, kimo cha sentimita 90 hivi, na sehemu moja ishushwe kwa anayetumia kiti cha magurudumu. Nyaya zifichwe ndani, kibandiko cha Lipa Namba, cha kulipia kwa simu, kimtazame mteja, pipi na betri zisimnyang'anye nafasi ya kapu, na mifuko mbadala, ambayo tangu Juni 2019 ndiyo iliyoshika nafasi ya plastiki Tanzania, iwe karibu na mkono wa keshia. Kisarufi: malipio haya, malipio yale, foleni hupangwa malipioni.

Atakayeleta neno fupi kuliko hili, lenye mzizi wake na linalotajika kwa pumzi moja, nitamuunga mkono hadharani. Lipizio halimo katika shindano hilo.