Nyonga Bandia, Teflon, na Fundi Aliyewasha Mashine Bosi Akiwa Safarini

Hebu leo tuziweke seva kando kidogo. Sisi waandishi wa programu tuna utani wetu, kwamba mahali pazuri pa kujaribu kazi yako ni kwa mteja mwenyewe. Ikigoma, unaamka usiku, unarekebisha mistari miwili mitatu, na kesho asubuhi hakuna anayejua. Sasa fikiria kazi yako imo ndani ya paja la mtu, imeshikiliwa na saruji. Utairekebishaje?

Ndiyo yaliyomkuta John Charnley, daktari mpasuaji wa mifupa aliyezaliwa Bury, Uingereza, mwaka 1911. Alifanya kazi Wrightington, hospitali ya Lancashire ambayo zamani ilitibu wagonjwa wa kifua kikuu.

Yeye hakuwa wa kwanza kutaka kubadilisha nyonga iliyoliwa na baridi yabisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Themistocles Glück wa Berlin alijaribu viungo vya pembe za ndovu. Mwaka 1946 ndugu wawili wa Paris, Robert na Jean Judet, waliweka kichwa cha plastiki ya akriliki juu ya mfupa wa paja. Wagonjwa walifurahi, kwa muda.

Mmoja wa waliowekewa nyonga ya aina hiyo alimfikia Charnley na shida ya kuchekesha. Kila akiinama mbele mezani, nyonga ililia kama mlango wenye bawaba kavu, na inasemekana mkewe alikuwa akitoka chumbani. Daktari mwingine angempa dawa ya maumivu amalize. Charnley aliisikia ile sauti kama mhandisi: kitu kinacholia kina msuguano mkubwa, na msuguano mkubwa utaking'oa kipandikizi kutoka kwenye mfupa.

Hapa ndipo naipenda sana hesabu yake. Nyonga yako si bawaba tu. Ukisimama kwa mguu mmoja, misuli ya pembeni lazima ivute kwa nguvu ili usianguke, kwa hiyo kiungo kinabeba kiasi cha mara mbili na nusu hadi tatu ya uzito wako. Mguu mmoja unaweza kupiga hatua karibu milioni moja kwa mwaka. Gegedu lako linastahimili hayo yote kwa sababu linateleza kuliko karibu kitu chochote tunachotengeneza. Charnley akafikiri hivi: nguvu inayozungusha kikombe ni msuguano mara nusu kipenyo cha kichwa. Punguza vyote viwili! Watengenezaji wengine walitumia vichwa vikubwa, karibu na saizi ya asili. Yeye mwishowe akashuka hadi milimita 22.225, yaani saba ya nane ya inchi, cha chuma cha pua. Na kwa kikombe akachagua plastiki inayoteleza kuliko zote alizozijua: Teflon.

Wagonjwa waliokuwa hawawezi kulala kwa maumivu walianza kutembea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwawekea vikombe vya Teflon watu wapatao 300.

Kumbe kuteleza ni jambo moja na kudumu ni jambo lingine. Ndani ya miaka miwili mitatu vikombe vililika, kichwa cha chuma kikazidi kuzama ndani ya plastiki. Chembechembe za Teflon nazo zilichokoza mwili, zikaleta vivimbe na kula mfupa. Ilibidi watu wale wapasuliwe tena, na Charnley aliifanya kazi hiyo mwenyewe, mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Halafu alijidunga chembe za Teflon katika paja lake aone zinavyofanya. Baada ya miezi tisa vivimbe vilikuwa bado vinashikika kwa kidole, vikubwa kuliko alivyoviweka. Wengi humsifu kwa hilo. Mimi nauliza kwa nini paja lake halikuwa la kwanza, kabla ya yale 300.

Shujaa wangu ni mwingine: Harry Craven, fundi wa maabara yake, aliyeunda mashine ya kusugua plastiki mchana na usiku. Mwezi wa Mei 1962 alifika mchuuzi aliyeuza gia za plastiki kwa viwanda vya nguo vya Lancashire, akiwa na kipande cha poliethilini yenye molekuli ndefu mno. Craven akampelekea bosi. Bosi akakichoma kwa ukucha wa kidole gumba, akaona ni laini, akaondoka zake. Kisha akasafiri kwenda Copenhagen. Craven akakiweka kwenye mashine hata hivyo.

Mashine ilizunguka wiki tatu. Poliethilini ilikuwa imelika kidogo kuliko Teflon ilivyolika kwa saa 24. Charnley aliporudi aliyatazama matokeo, na hapa nampa haki yake, hakuleta ubishi wa ukubwa. Novemba 1962 mgonjwa wa kwanza akawekewa kikombe kipya.

Mengine nitayapitia haraka. Saruji yake ilikuwa akriliki ya madaktari wa meno, nayo haigandishi kama gundi bali hujaza nafasi na kusambaza mzigo. Alijenga chumba cha upasuaji chenye hewa iliyochujwa, na maambukizi yakashuka kutoka asilimia kadhaa hadi chini ya moja. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 1977, akafariki 1982.

Poliethilini nayo hulika, polepole, na vumbi lake huweza kula mfupa. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja ile iliyoimarishwa kwa mionzi. Wengine walirudia chuma juu ya chuma, na Agosti 2010 nyonga ya DePuy iitwayo ASR ikarudishwa kutoka sokoni duniani kote. Ilikuwa tayari ndani ya maelfu ya watu. Uswidi imekuwa ikiandika kumbukumbu za nyonga zake tangu 1979, na rejista kama hizo ndizo huonyesha mapema kipi kinaharibika.

Charnley alikuwa na rejista ya aina yake. Aliwaomba wagonjwa wakubali kwamba wakifa, nyonga irudishwe Wrightington. Nyingi zilirudi, zikapimwa jinsi zilivyolika.